Bunduki Mpya ya Upepo na Darubini Yake

Mtu anunuapo bunduki ya upepo pamoja na darubini yake, aghalabu hufika nayo nyumbani akidhani kazi iliyobaki ni kuifunga darubini juu ya bunduki, kusimamisha kopo mbele ya ukuta, na kupiga. Baada ya risasi ishirini kopo lingali limesimama, ukuta umechubuka, na lawama zote zimeiangukia darubini. Jirani ajidaiye mjuzi huitwa, naye huzungusha vifundo kulia na kushoto, na jioni hiyo risasi huzidi kutawanyika. Kumbe katika bunduki mpya ya upepo darubini ni mkosaji wa nadra. Kosa huwa katika skrubu, katika risasi zenyewe, au katika mikono ya mpigaji.

Hapana budi kwanza kuelewa jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Bunduki ya upepo iliyo ya kawaida zaidi majumbani ni ile ya springi, ambayo mtutu wake hukunjwa kuelekea chini. Kule kukunja ndiko kunakoibana springi nene iliyo nyuma ya pistoni. Kifyatulio kivutwapo, springi huachiliwa, pistoni huruka mbele ndani ya silinda na kuibana hewa, nayo hewa hiyo huisukuma risasi itoke. Pistoni irukapo mbele, bunduki hurudi nyuma. Na pistoni ifikapo mwisho wa silinda na kusimama ghafla, bunduki husukumwa mbele. Yaani bunduki hii hupiga mateke mawili, la nyuma na la mbele, kabla mpigaji hajatambua hata moja. Bunduki ya baruti, ijapokuwa ina nguvu nyingi zaidi, hupiga teke la upande mmoja tu.

Kwa sababu hiyo darubini nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya baruti yaweza kuharibika ndani ya siku chache juu ya bunduki hii ndogo, kwa kuwa vioo vyake vilifungwa kuhimili teke la nyuma, si la mbele. Mnunuzi na aulize waziwazi kama darubini imekusudiwa bunduki ya upepo ya springi. Isitoshe, darubini nyingi za bunduki ya baruti zimetengenezwa zione sawasawa kwenye umbali wa yadi 100. Kwa mita 10 picha huwa na ukungu, na jicho likisogea kidogo tu, zile nyuzi mbili zipitanazo huonekana kuhama juu ya shabaha. Ukubwa wa kukuza si jambo la kujivunia. Darubini ikuzayo mara 4 yatosha kabisa kwa kazi ya nyumbani, na ile ikuzayo mara 9 humwonyesha mpigaji jinsi mkono wake unavyotetemeka, jambo ambalo tayari alikuwa akilijua.

Kabla ya skrubu ya kwanza kukazwa, liko suala la sheria na la mahali. Nchi nyingi huihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha, na kila moja ina kipimo chake. Huko Ujerumani ile isiyozidi nguvu ya juli 7.5 hupigwa chapa ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Huko Uingereza mpaka wa bunduki isiyohitaji cheti ni juli 16 na kitu, lakini katika Scotland cheti kimekuwa cha lazima tangu mwisho wa mwaka 2016. Kituo cha polisi cha mahali ndicho cha kuulizwa, na kiulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Wako wasemao kwamba bunduki ya upepo ni mchezo wa watoto. Mwishoni mwa Agosti 1803, Nahodha Meriwether Lewis wa Marekani, aliyekuwa ndiyo kwanza anaianza safari yake maarufu kutoka Pittsburgh kuelekea magharibi, alisimama kwenye kisiwa kimoja cha Mto Ohio, akaonyesha watu bunduki ya upepo aliyoichukua. Alipiga mara kadhaa vizuri, kisha akampa mtu mmoja asiyeizoea. Bunduki ilifyatuka mkononi mwa mtu yule, risasi ikapenya kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 hivi na kumkata penye panja la uso. Mwanamke alianguka, damu zikamtoka kwa wingi, na wote waliokuwapo wakadhani amekufa. Baada ya dakika moja alizinduka, na jeraha likaonekana kuwa si la hatari. Lewis mwenyewe aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake. Bunduki ile ilikuwa ya aina nyingine, yenye kuwekewa akiba ya hewa, lakini kipande cha risasi hakiulizi kimesukumwa na nini. Katika zama hizi hizi watoto wameuawa na bunduki za upepo zilizochukuliwa kuwa vitu vya kuchezea.

Basi nyuma ya shabaha na pawe na sanduku la mbao lililojazwa mchanga au matambara yaliyoshindiliwa sana, na nyuma ya sanduku pawe na kingo ya udongo, si njia wala uga wa jirani. Jiwe, bati nene na mti mgumu huirudisha risasi kwa mpigaji, na miwani ya kukinga macho ni ya mpigaji na ya kila asimamaye karibu naye.

Sasa bunduki yenyewe. Bunduki itokapo kiwandani huwa na grisi ndani ya mtutu. Kitambaa kilichofungwa kwenye uzi na kivutwe kuanzia nyuma ya mtutu hadi mdomoni, tena na tena, hadi kitoke safi. Mafuta ya cherehani au ya baiskeli yasitiwe katika silinda. Hewa ibanwapo kwa ghafla hupata joto kali, mafuta huwaka, moshi hutoka, na nguvu ya risasi hubadilika kila mara. Moshi kidogo katika risasi za mwanzo si ajabu, ukiendelea ndipo pana jambo. Skrubu zote zishikazo mti wa bunduki, zile za ubavuni na zile za penye kifyatulio, zikazwe kwa bisibisi inayoenea barabara.

Yako makatazo mawili yasiyo na msamaha. Kifyatulio kisivutwe hali mtutu haumo risasi, kwani pistoni hukosa mto wa hewa wa kuipunguza mwendo nayo hugonga mwisho wa silinda kwa nguvu zake zote. Wala kisivutwe hali mtutu umekunjwa: mtutu huruka juu kama mtego, na vidole vilivyo karibu huvunjika.

Darubini hukaa katika pete zishikazo mifereji miwili iliyochongwa juu ya silinda. Kwa mateke yale mawili, pete husogea nyuma polepole, unywele kwa unywele, na mpigaji hubaki akishangaa kwa nini jana alipata na leo anakosa. Pete nzuri huwa na msumari mdogo uingiao katika tundu juu ya bunduki ili kuzizuia. Tundu hilo likiwapo na litumiwe. Kabla ya kukaza, mpigaji aweke bunduki begani, afumbe macho, alaze shavu lake mahali palipo rahisi, kisha afumbue. Akiona duara kamili la nuru lisilo na kivuli pembeni, darubini iko mahali pake, na kwa kawaida kioo cha nyuma kitakuwa sentimita 8 hadi 10 kutoka jichoni.

Kwa kusimamisha ule uzi wa wima, fundi mwashi ana kifaa kisichoshindwa: timazi. Itundikwe umbali wa mita 10, bunduki ilazwe imara pasipo kuinama upande, na darubini izungushwe ndani ya pete hadi uzi wake ulingane na uzi wa timazi. Hapo skrubu zikazwe kwa kupokezana, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, hadi nafasi kati ya vipande vya pete iwe sawa pande zote mbili. Atakayekaza upande mmoja kwanza ataiona darubini ikizunguka mbele ya macho yake, na kazi ya timazi itakuwa imepotea.

Mahali pa kuanzia kupiga ni mita 10, mbele ya karatasi kubwa. Bunduki hii haipendi kubanwa. Yule aliyezoea bunduki ya jeshi huivutia begani kwa nguvu, naye ndiye hutawanya risasi kuliko wote, kwa sababu kila mara huibana tofauti kidogo na mateke huielekeza upande mwingine. Yafaa kiganja cha mbele kiwe wazi, kimelala juu ya mfuko wa mchanga, na bunduki ikae juu ya kiganja bila kushikwa. Kitako kiguse bega tu. Ipewe nafasi ya kuruka, mradi iruke namna moja kila mara.

Zipigwe risasi tano kwa kulenga mahali pamoja, na kifundo kisiguswe baada ya risasi moja, hata iwe imekwenda mbali namna gani. Matundu matano yakiwa pamoja, ijapokuwa yako mbali na shabaha, bunduki ni nzima na kilichobaki ni hesabu. Yakiwa yametawanyika, kuzungusha vifundo ni kujisumbua. Zitazamwe skrubu tena, kisha zijaribiwe risasi za aina nyingine. Mtutu mmoja hukubali risasi hii na kuikataa ile, hata kama zote ni za milimita 5.5 na uzito ni mmoja, na hakuna awezaye kubashiri bila kujaribu.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika darubini nyingi kila tiki ya kifundo huisogeza risasi milimita 7 hivi kwa umbali wa mita 100, yaani milimita 0.7 tu kwa mita 10. Ikiwa katikati ya matundu ni milimita 35 chini na milimita 14 kushoto, kifundo cha juu kizungushwe tiki 50 kuelekea alama ya juu, na cha ubavuni tiki 20 kuelekea kulia. Wengi huzungusha tiki tano, hawaoni tofauti, hukasirika. Kosa hilo hilo kwa mita 25 lingetaka tiki 20 na 8 tu. Kifundo kikifika mwisho na risasi zingali chini, kisilazimishwe. Kipande chembamba cha plastiki chini ya darubini katika pete ya nyuma hutosha kuziinua.

Darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi, na risasi hupanda kuukuta mstari wa jicho, huuvuka, kisha huanguka na kuukata tena. Hivyo bunduki iliyolinganishwa kwa mita 25 hupiga chini ya shabaha iliyo mita 5, na chini zaidi ya ile iliyo mita 40. Mwenye ghala la mahindi anayewinda panya na ailinganishe kwa umbali wa ghala lake, si kwa umbali wa majigambo. Kisha apige karatasi kila baada ya mita 5, aandike risasi imepita wapi, na karatasi hiyo aibandike kwenye mti wa bunduki.

Risasi 50 zikiisha, skrubu zote zikaguliwe, na zikaguliwe tena baada ya 100. Springi mpya na mpira wa pistoni huchukua risasi mia kadhaa kutulia, na katika muda huo shabaha huhama kidogo. Lugha ya Kiswahili imeziita risasi kwa jina la madini yake, na madini hayo ni sumu: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, na zisitiwe mdomoni wakati wa kupakia, kama wafanyavyo wengine. Bunduki ihifadhiwe springi yake ikiwa imelegea, ndani ya kabati lenye kufuli, na kopo la risasi likae chumba kingine.