Meli za kitalii zatia nanga Mombasa, mji waambulia nini?

KILA msimu wa meli za kitalii unapowadia, aghalabu kati ya Novemba na Aprili, wageni wanaoteremka katika Bandari ya Mombasa hulakiwa kwa ngoma na vifijo. Muda si muda, wengi wao huwa wameketi katika magari yanayoelekea Mbuga ya Tsavo Mashariki, zaidi ya kilomita 100 kutoka bandarini. Hurejea jioni wakiwa hoi, wakapanda meli na kwenda zao.

Si kosa mgeni kutamani kumwona ndovu. Hata hivyo, abiria wa meli hizi tayari amelipia malazi na chakula kabla ya kuondoka kwao. Asipotembea mjini, fedha zake huishia kwa wenye meli, mawakala na wenye magari. Mama anayekaanga viazi karai huisikia honi ya meli tu.

Wapo pia wageni wachache wanaomaliza safari moja Mombasa na kungoja nyingine kwa siku moja au mbili. Hawa ndio mji unaopaswa kuwalenga, kwani wana kile wenzao wanachokosa: muda.

Vya kuwaonyesha si haba. Kutoka bandarini, Barabara ya Moi huwafikisha kwenye Pembe za Ndovu, ambazo historia yake inaanzia mwaka wa 1952, na Bustani ya Uhuru iliyo kando yake. Mbele zaidi kuna Treasury Square, Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kutambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2011. Ng'ambo ya daraja la Nyali, kule Bamburi, ipo Haller Park. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, hadi Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mapema miaka ya 1970 na kuligeuza jangwa kuwa msitu.

Bustani ya Mama Ngina, yenye mibuyu ya kale na upepo wa bahari, ilifunguliwa upya Oktoba 2019 baada ya kukarabatiwa kwa takriban Sh460 milioni. Hapo wakazi hupunga upepo huku wakila mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, kachiri na madafu.

Tatizo kubwa ni saa. Chakula cha mitaani cha Mombasa kina nyakati zake. Mahamri na mbaazi ni vya asubuhi, nao mishkaki na viazi karai hunoga baada ya magharibi. Abiria wa meli huwa mjini adhuhuri, jua likiwa la utosi na meza nyingi za wachuuzi zikiwa tupu. Kinyume cha mambo ni kwamba meli nyingi huondoka jioni zikipitia mlango wa Kilindini, mbele ya bustani hiyo hiyo. Mgeni huuona moshi wa majiko akiwa sitahani, asiweze tena kuonja.

Zanzibar inatoa funzo. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka wa 2009, imeunganisha bustani, bahari na chakula cha jioni mahali pamoja, nayo ni hatua chache tu kutoka bandarini. Mgeni hahitaji kuelekezwa mara mbili.

Mombasa inaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni njia ya miguu yenye kivuli na vibao, vyoo safi, maji ya bomba kwa wachuuzi na bei zilizoandikwa wazi. Wenye meli nao washawishiwe kulala gatini usiku mmoja. Lakini wachuuzi wasifurushwe kwa kisingizio cha usafi, wala bustani zisigeuzwe za wageni pekee. Mgeni huvutiwa na mahali ambapo wenyeji wenyewe wanapapenda.

Umuhimu wa haya unadhihirika zaidi mtu akikumbuka jinsi biashara hii ilivyo dhaifu. Novemba 2005, maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na Somalia ikielekea Mombasa. Mwaka wa 2020 janga la corona lilisimamisha safari duniani kote, na mwaka wa 2024 kampuni kadhaa zilifuta safari za kupitia Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi.

Meli hutegemea amani ya bahari ambazo Kenya haizitawali. Bustani iliyotunzwa na sahani ya biriani haviondoki meli zikikosekana, kwani mkazi wa Majengo au Likoni atavifaidi vilevile. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anapitishwa mlangoni pake ndani ya basi.