Bei ya Shamba, Bei ya Kiwanja



Kwa miaka zaidi ya ishirini sasa Kiseke imekuwa ikigeuka kutoka mashamba kuwa mji. Palipolimwa mihogo na viazi vitamu pamesimama nyumba zenye mabati ya rangi, na watu hushuka kwenye basi mahali paitwapo PPF, kwa jina la mfuko wa pensheni uliojenga nyumba pale na ambao wenyewe uliunganishwa na mifuko mingine mwaka 2018. Mji kukua si dhambi. Watu lazima walale mahali. Lakini Kamati za Haki na Amani zina wajibu wa kuuliza swali ambalo halimo katika ramani: yule aliyekuwa akilima pale yuko wapi leo? Wapo waliobaki na kujenga. Wapo pia waliosogea mbele, kwenye ardhi isiyopimwa au juu ya mawe ya vilima vya Mwanza, wakisubiri kusogezwa mara ya pili. Wengi husema hao walikula fedha zao za fidia. Mimi naona sababu iko ndani zaidi, katika namna thamani ya nyumba na ardhi inavyokadiriwa.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 haikulipa fidia kwa ardhi tupu. Kilicholipwa ni jasho lililowekwa juu yake, yaani nyumba, miti na mazao. Fikra hiyo haikuzaliwa na uovu. Mwalimu Nyerere alikwisha kuandika mwaka 1958 kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, maskini watauza na matajiri watanunua, na mwishoni wenye nchi watakuwa wapangaji nchini mwao. Hofu yake ilikuwa ya haki. Ila kanuni iliyokusudiwa kumlinda mkulima asiuze ilitumika baadaye kumwondoa bila malipo ya ardhi yake. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, ilitamka kwamba haki ya mtu juu ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ikaandika wazi kuwa ardhi ina thamani na kwamba fidia sharti iwe kamili, ya haki na ya haraka.

Hapo ndipo kanuni za uthamini za mwaka 2001 zinapoingia. Zinasema msingi wa fidia ni bei ya soko, na bei hiyo ithibitishwe kwa mauzo halisi ya karibuni ya mali inayofanana na ile inayothaminiwa. Juu yake huongezwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi thelathini na sita; mwenye biashara hufidiwa pia faida anayoipoteza. Taarifa huandaliwa na mthamini mwenye sifa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwenye karatasi, huwezi kutamani zaidi.

Lakini soko lipi? Mthamini anafika shambani kabla ya vigingi kupandwa. Mali inayofanana na ile anayoiona ni shamba la jirani, nalo liliuzwa kwa bei ya shamba. Akishaondoka, wapimaji wanaingia, barabara inachorwa, namba ya kiwanja inatolewa, na udongo uleule unauzwa kwa mita ya mraba. Mkulima amelipwa bei ya jana, na akitaka kubaki Kiseke atanunua kwa bei ya kesho. Najua kupima viwanja na kuchonga barabara kuna gharama, na si haki mkulima adai faida yote ya kazi ya wengine. Hata hivyo sioni haki inayomnyima hata sehemu ndogo ya faida hiyo, au walau kiwanja kimoja katika shamba alilorithi. Serikali ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam mwaka 2002, malalamiko ya aina hii yalisikika, na mtindo wa kulipa fidia, kupima na kuuza ukaendelea kuenea mijini.

Shida ya pili iko katika nyumba. Katika kukadiria nyumba ya mtu wa kawaida, mara nyingi mthamini hutafuta gharama ya kuijenga upya, kisha hukata uchakavu. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba ya tofali za udongo ingegharimu shilingi 10,000,000 kuijenga upya, na kwa kuwa ni ya zamani inakatwa asilimia arobaini. Zinabaki 6,000,000. Posho ya usumbufu hufuata riba ya benki kwa amana ya miezi kumi na miwili; ikiwa riba ni asilimia nane, ni shilingi 480,000. Nyumba hiyo ingepangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, basi posho ya makazi ni 1,080,000. Jumla ni 7,560,000, mbali na posho ya usafiri, ambayo itaishia kwa mwenye lori, na mbali na bei ya ardhi, ambayo atainunulia ardhi nyingine. Sasa niambieni, ni duka gani Mwanza linalouza mabati mapya kwa bei ya mabati yaliyochakaa? Fundi naye hapunguzi ujira wake kwa sababu nyumba ya awali ilikuwa kuukuu. Benki ya Dunia, ambayo hakuna atakayeishuku kuwa ni chama cha maskini, katika miradi inayoigharimia hutaka fidia ya nyumba ilipwe bila kukata uchakavu. Kinachowezekana kwa barabara ya mkopo kinashindikanaje kwa mradi wetu wenyewe?

Matokeo yake yanaonekana sokoni. Aliyelipwa pungufu hanunui kiwanja kilichopimwa. Ananunua kipande kwa dalali, kwa karatasi ya mkono, mahali ambapo mpango wa mji haujafika bado. Huko benki haimkopeshi, kwa kuwa hana hati miliki ambayo mthamini angeifanyia kazi. Hivyo kanuni ileile inayotengeneza mtaa uliopangwa upande mmoja inazalisha makazi holela upande wa pili, na baada ya miaka tunaanza upya kulipia urasimishaji.

Hata hivyo nisiwatwishe wathamini mzigo wote. Wengi wao wanatafuta ushahidi wa bei na hawaupati, kwa kuwa sisi wenyewe tumeuficha. Kiwanja kinauzwa kwa milioni kumi na tano, mkataba unaandikwa milioni nne, ili kukwepa kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, au ile asilimia kumi ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa huidai bila sheria kuwapa haki hiyo. Muuzaji na mnunuzi wanatoka ofisini wakicheka. Siku serikali inapokuja kutwaa ardhi ya jirani yao mjane, ule mkataba wa milioni nne ndio unaokuwa kipimo cha shamba lake.

Wahubiri tunapozungumzia ardhi hukimbilia shamba la mizabibu la Nabothi, nami sina ugomvi na hilo. Lakini kwa jambo hili someni sura ya thelathini na mbili ya Yeremia. Nabii ananunua shamba la binamu yake kule Anathothi, anapima fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi, na hati zinaandikwa mbili, moja ya kutiwa muhuri na nyingine ya kuachwa wazi, mji ukiwa umezingirwa na adui. Ibrahimu vilevile alilipa shekeli mia nne kwa ajili ya kaburi la Sara, na bei ikatajwa masikioni mwa watu wote langoni. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaoitwa kushuhudia mauziano wasitie sahihi kwenye bei ya uongo. Halmashauri ya Walei inayo mamlaka ya kutosha ya kimaadili kulisema hilo hadharani, na viongozi wa mitaa wanaosali nasi waambiwe kwamba asilimia yao ni sehemu ya uongo huo.

Yapo pia mambo ya tarehe. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, riba huanza kuhesabiwa. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa miaka miwili. Ikipita bila malipo, tathmini ile inakufa na kazi ianze upya. Mtu aliyeambiwa asipande wala asiendeleze, akakaa miaka mitatu akilitazama pagala, ana haki ya kudai tathmini mpya, lakini hawezi kuidai kama hajui ya kwanza iliidhinishwa lini. Kwa hiyo kila anayethaminiwa aombe nakala ya fomu aliyoisaini, aiandike tarehe yake mahali pa kudumu, na asisaini fomu ambayo nafasi zake hazijajazwa.

Nanyi wanakamati, siku wathamini wanapopita msibaki nyumbani. Mwenye mali hupigwa picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao chenye namba. Ni jambo la dakika moja. Lakini mahali palipo na mjane, mara nyingi shemeji ndiye anayekishika kibao, huku yeye yuko jikoni akiwaandalia wageni chai. Mwiteni atoke nje, asimame mbele ya nyumba yake, na jina lake liandikwe kabla picha haijapigwa, kwa maana siku ya malipo picha hiyo ndiyo itakayotazamwa.