Sarafu yenye kutu: itunzwe au itupwe?

Franka ya Kongo ilipoanza mwaka 1998 ilikuja kwa noti peke yake. Hata sentimu zilikuwa karatasi. Ndiyo maana sarafu zinazokutwa leo katika masanduku ya wazee ni za zamani, na nyingi zimeshikwa na kutu. Je, zina faida?

Kwanza iangaliwe ni sarafu gani. Zaire 5 ya mwaka 1987, yenye sura ya Mobutu, hupatikana kwa urahisi ikiwa safi. Iliyoliwa na kutu haina mnunuzi. Lakini franka 5 ya Katanga ya mwaka 1961, yenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, ni ya jimbo lililojitangaza nchi mwaka 1960 na kurudi Kongo mwaka 1963. Hiyo itunzwe hata ikiwa na madoa.

Pili, kasoro imetoka wapi? Iliyotokea kiwandani inaweza kupandisha bei. Iliyoletwa na nyundo au udongo huishusha.

Kosa kubwa ni kuisugua kwa mchanga na ndimu ili ing'ae kabla ya kuiuza. Mnunuzi mzoefu huona mikwaruzo, na bei inaanguka palepale. Heri iachwe ilivyo, mahali pakavu.

Na ile Zaire 5 iliyooza? Isitupwe. Apewe mtoto, ajue kwamba hadi mwaka 1997 nchi yake iliitwa Zaire.