VIPIMO VYA NYUMBANI SI VYA KUBAHATISHA



Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, wenzetu wamekatazwa kutumia vipimo walivyojitengenezea nyumbani. Msimamizi asema kipimo kisichotoka ng'ambo ndani ya kisanduku chake ni cha kubahatisha. Fundi mmoja alipoomba kupandishwa daraja akaulizwa, "Mikromita yako ya dukani iko wapi?" Sisi twauliza: kwa mshahara gani?

Tena, nani alisema usawa wa chuma hununuliwa? Twaa mabamba matatu ya chuma cha kusubu. Paka la kwanza rangi ya buluu, kidogo sana, ulisugue juu ya la pili. Palipoinuka patashika rangi; pakwangue kwa tupa kuukuu iliyonolewa ncha. Kisha la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, ukiyageuza robo duara, siku baada ya siku. Mawili peke yake hayatoshi, maana moja laweza kuwa na kitumbo na jingine bonde, yakapatana vizuri katika uongo wao (watu wa namna hiyo mnawajua). La tatu ndilo huwaumbua. Yakipatana yote matatu kila upande, hayana njia ila kuwa sawa. Hapo hakuna senti iliyokwenda dukani.

Wala huu si ushenzi wa vichochoroni. Mwaka 1840 Joseph Whitworth aliwaeleza wataalamu kazi hii mjini Glasgow. Yeye alikuwa amefanya kazi kwa Henry Maudslay, London. Na Maudslay ni nani? Mtoto aliyeanza kazi Woolwich akiwa na miaka 12, akijaza baruti. Baadaye alikuwa fundi wa Joseph Bramah, mtengeneza makufuli. Akaomba zaidi ya shilingi 30 kwa juma, akanyimwa, na mwaka 1797 akaondoka akafungua karakana yake. Humo alijitengenezea mikromita ya kupima sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Ikaitwa Lord Chancellor, yaani jaji mkuu, kwa kuwa hukumu yake haikuwa na rufani. Hakuuliziwa kisanduku.

Hatusemi kila chuma kilichokwanguliwa uani kiaminiwe. Mabamba hutoa usawa, hayatoi urefu. Urefu lazima ulinganishwe na kipimo mama. Na kuna joto. Kipimo cha chuma cha pua cha milimita 100, joto likipanda digrii 10, huongezeka kama sehemu moja ya mia ya milimita. Kanuni ya mafundi ni kupima kwa digrii 20, na chini ya mabati saa nane mchana hatujapata kuziona hizo 20. Lakini kipimo mama kiko wapi? Kimefungiwa kabatini ofisini, na ufunguo anao huyo huyo anayesema vipimo vyetu havijajaribiwa!

Basi twataka hivi. Kabati lifunguliwe kila miezi mitatu, asubuhi kabla ya joto. Kipimo cha kila fundi kilinganishwe mbele ya mjumbe wa chama, na tofauti iandikwe kitabuni. Kikipita, kitumike, na mwenyewe alipwe daraja la mtengeneza vipimo. Kisipopita, atakirudisha kwake akikwangue tena.

Na vile vya visandukuni vilivyoanguka sakafuni mara ngapi hatujui, viletwe meza ile ile, siku ile ile.