Gari la Bei Nafuu na Safari ya Kuelekea Mbio Kubwa

Tarehe 13 Desemba 2024, mbele ya wajumbe wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, waliokutana mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya Formula One. Bara la Afrika halijapata kuyaandaa tangu mwaka 1993, yalipofanyika Kyalami, Afrika Kusini. Tangazo hilo lilienea duniani kwa siku moja. Lakini katika juma lilo hilo palikuwa na habari nyingine iliyopita kimya kimya, nayo kwa maoni yetu ina uzito zaidi kwa kijana wa kawaida wa nchi hii. Habari hiyo ilihusu gari moja dogo.

Max Verstappen, aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara nne, alikuwa ameamriwa na FIA kufanya kazi ya manufaa kwa umma, kwa kosa la kutamka neno chafu mbele ya waandishi wa habari huko Singapore mwezi Septemba 2024. Kambini tungesema amepigwa fatiki. Fatiki hiyo aliimaliza hapa Kigali, pamoja na vijana wa mpango wa chipukizi wa Klabu ya Magari ya Rwanda, RAC. Huko alionyeshwa gari lililojengwa hapa hapa nchini kwa kufuata ramani iliyotolewa na FIA, kwa kusudi la kuwa na gari la mashindano lenye bei nafuu.

Gari la namna hii si kitu cha ajabu. Ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kiti kimoja, mikanda imara, injini ya pikipiki, na springi za kuhimili matuta. Hukimbizwa katika uwanja wa vumbi, siyo wa lami. Fundi yeyote wa karakana zetu, akipewa ramani na mabomba yenye unene unaotakiwa, ataielewa kazi hiyo bila ya kusubiri mtaalamu kutoka Ulaya. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mpango wenyewe.

Msingi wa mbio za gari la aina moja ni kwamba washindani wote huendesha mashine zilizo sawa, ili fedha zisiwe ndizo zinazoshinda. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 huko Marekani ilianzishwa Formula Vee, ambayo magari yake yaliundwa kwa injini na vipuri vya Volkswagen ndogo, ile iliyojaa katika barabara za Afrika Mashariki siku hizo. Niki Lauda, Emerson Fittipaldi na Keke Rosberg, ambao wote walikuja kuwa mabingwa wa dunia, walipitia daraja hilo. Katika mbio nyingi za aina hii injini hutiwa lakiri ili mwenye mali asiichokonoe usiku, magari hupimwa uzito, na mkaguzi hupita na futi yake. Askari hahitaji kuelezwa sana: katika mashindano ya shabaha, wote wakipewa bunduki ya aina moja, aliyekosa hana pa kuitupia lawama. Hata wakubwa wa Formula One walilazimika kupunguza vifaa vya anasa, na hatimaye mwaka 2021 wakaweka kikomo cha matumizi cha dola milioni 145 kwa kila timu.

Wako wanaosema kwamba nchi ianze na uwanja mkubwa, vijana watafuata. Sisi tunawaomba waitazame Nyarutarama. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na mzunguko wake wa kilometa 15.1 ulipanda kilima cha karibu na uwanja wa gofu wa Nyarutarama, kwa kiasi cha mita 800 za kukata pumzi. Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume. Lakini umati uliosimama pale haukuletwa na tangazo la mwaka mmoja. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988. Adrien Niyonshuti alikwenda Olimpiki ya London mwaka 2012, Valens Ndayisenga akashinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na tena 2016. Na kabla ya hao wote palikuwapo baiskeli ya kubebea viazi na ndizi, ambayo mtoto wa mkulima aliweza kuipanda. Katika mbio za magari chombo cha namna hiyo hakikuwapo. Gari analoweza kuliona kijana apitapo Nyarutarama ni la thamani kubwa, tena ni la mtu mwingine.

Hata hivyo bei ya kulinunua gari ndiyo gharama ndogo. Matairi huisha, klachi huungua, petroli hainywewi na injini bure, na lazima pawepo lori la kulibeba, kofia ngumu, mavazi yasiyoshika moto, mitungi ya kuzimia moto na gari la wagonjwa. Kijana akiachiwa mzigo huu peke yake, baada ya msimu mmoja watabaki wana wa matajiri tu. Kwa sababu hiyo tunaona ni heri magari yawe mali ya klabu, yakae katika karakana moja, na dereva apewe kwa zamu kulingana na muda wake uwanjani. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika; lakini yeye alikuwa fundi mwenye karakana, na hakuna haki ya kumtaka kila chipukizi awe hivyo.

Ndugu zetu wa polisi watauliza kama hatufundishi watoto mwendo wa kasi, wakati kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanzishwa mwaka 2019, inahimiza kinyume chake, na kamera zilizopewa na wananchi jina la Sofia zinawanasa wavunja sheria barabarani. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba gari hili halina namba, haliwezi kuingia barabarani, na hupelekwa katika uwanja uliofungwa wenye waamuzi na bendera. Anayekaidi bendera huondolewa siku hiyo hiyo. Hatudai kwamba uwanja wa vumbi utamaliza ajali. Twadai tu kwamba mwenye kiu ya mwendo aonyeshwe mahali pake.

Mahali penyewe ndipo penye kazi sasa. Mzunguko wa kilometa moja hivi watosha, wenye kingo za udongo na nafasi ya watazamaji kukaa mbali na kona. Kigali ni mji wa milima na ardhi yake ni ghali, kwa hiyo itafaa kutazama nje ya mji. Katapila moja na bwana mipango mwenye ramani waweza kuianza kazi hiyo kabla lami ya uwanja wowote mkubwa haijamwagwa.