GEREJI YETU: Paa Likianza Kuoza

Mwaka huu naanza kwa kukiri kosa langu.

Peugeot 504 yangu wengi wenu mmeipanda, kwenda harusini na mazikoni. Ni aina ile iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, nami sitaki kuiachia. Mwaka juzi rangi ya paa ilitoa malengelenge madogo, juu ya kioo cha mbele. Nikajiambia: Johannesburg si Tanga wala Mombasa; tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, chumvi itoke wapi? Nikapiga msasa, nikapaka puti na rangi, nikajisifu.

Mvua za Oktoba zilipoanza, mzee mmoja niliyempakia kutoka msikitini akaniuliza, "Mwanangu, mvua iko nje au humu ndani?" Kanzu yake ilikuwa imelowa begani. Niliona haya.

Nikaenda kwa fundi wa bodi hapa Doornfontein, si mbali na uwanja wa Ellis Park. Alishusha kitambaa cha dari, akaniita nione. Kumbe kutu ilianzia ndani! Maji hujificha chini ya mpira wa kioo na kwenye mfereji wa pembeni mwa paa, yakala bati polepole. Lengelenge la nje ni mwisho wa safari, si mwanzo.

Alitoa kioo, akakata bati bovu mpaka akafikia zima, akachomelea kiraka nukta kwa nukta, akipumzika ili joto lisipinde paa. Kisha akapaka praima ya kuzuia kutu ndani na nje, akaziba maungio. Puti ilikuja baadaye, kidogo tu, halafu rangi.

Ndugu zangu, kagueni magari Juni au Julai, wakati wa baridi kavu. Safisheni mfereji. Bonyeza lengelenge kwa kidole: bati likibonyea, usipake kitu, nenda kwa fundi. Asichomelee kabla ya kuondoa kitambaa cha dari, maana hushika moto.

Fedha nilizolipa ndizo nilizoweka za nauli ya kwenda kumwona mama. Safari hiyo imesogea mwakani, naye ni mtu mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, lakini juu ya uchafu.

Tukutane mwakani, Inshallah.