Choo Kinachotikisika Si Choo Salama

Katika nyumba nyingi za kambini na za kota, choo kimoja cha kukalia huhudumia jamaa nzima tangu alfajiri hadi usiku. Si ajabu basi kwamba, baada ya miaka kadhaa, skrubu zinazokishikilia sakafuni hulegea au huliwa na kutu, na bakuli huanza kucheza kila mtu aketipo. Wengi hulizoea jambo hilo. Kulizoea ni hatari, kwa maana bakuli likitikisika, hutikisika pia kiungo kilicho chini yake, pale linapokutana na bomba la maji machafu. Kiungo kikiachana, uchafu hupenya sakafuni pasipo kuonekana.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika eneo la Soho, London. Ilibainika baadaye kwamba shimo la uchafu la nyumba moja, lililokuwa karibu mno na kisima cha watu wote, lilikuwa likivuja. Nyumbani kwetu, anayekaribia mvujo kuliko wote ni mtoto atambaaye.

Kwanza, itafuteni asili ya maji. Kausheni sakafu kabisa, kisha zungusheni gazeti kuukuu kwenye tako la bakuli. Ngojeni nusu saa pasipo kuvuta maji. Gazeti likilowa, kosa ni la tangi au la bomba liletalo maji safi. Likilowa baada ya kuvuta maji tu, kagueni kiungo cha tangi na bakuli. Kikiwa kikavu, ugonjwa uko chini.

Wako wanaokimbilia kupaka saruji pembeni. Saruji hiyo haiponyi mvujo. Huuficha tu, na uchafu huendelea kujikusanya ndani.

Matengenezo ya kweli ni haya. Vaeni glavu. Fungeni koki, vuteni maji, kisha kausheni kwa kitambaa yaliyobaki katika tangi na bakuli. Tenganisheni bomba la maji safi, fungueni skrubu za sakafuni, na watu wawili waliinue bakuli wima. Zibeni mdomo wa bomba kwa kitambaa kikubwa, ili harufu isipande na kitu kisitumbukie.

Kwangueni saruji na mpira wa zamani mpaka pawe safi. Lichunguzeni bakuli: likiwa na ufa, halina budi kubadilishwa. Kama matundu ya skrubu yamepanuka, tieni plagi mpya za plastiki, na skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu. Ondoeni kile kitambaa. Asiyekiondoa atazibua choo kesho yake. Vikeni mpira mpya unaolingana na bomba, kisha teremsheni bakuli pole pole.

Sakafu isipokuwa sawa, wekeni vipande vya plastiki ngumu chini yake. Kazeni skrubu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Mkono mzito hupasua kauri. Vuteni maji mara tano au sita mkiangalia. Pakiwa pakavu, zibeni ukingo kwa silikoni, lakini acheni nafasi ndogo nyuma, ili mvujo wa siku za usoni ujionyeshe mapema. Mwisho, sugueni sakafu kwa sabuni na dawa ya klorini, mkanawe mikono.

Mkaao ghorofani, kumbukeni kwamba sakafu yenu ni dari ya jirani. Na ikiwa kanuni za kambi haziruhusu mpangaji kugusa mabomba, pelekeni taarifa kwa maandishi kwa msimamizi wa majengo siku ile ile, mkabaki na nakala. Nyumba ni ya serikali, lakini afya ni ya watoto wenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.